Kibuyu Golini

Siku ya kuzika, watu walisema Mwalimu Herman amekufa. Baada ya kuzika, wakaanza kusema ameuawa.

Walianza kwa sauti ya chini, kwenye jamvi la wanaume, uani kwa marehemu, katika zile nyumba za wafanyakazi wa jineri ya pamba. Mmoja alisema, "Lakini jamani, Herman? Herman yule yule?" Mwenzake akatikisa kichwa, na hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Mji mzima wa Shinyanga ulimjua Mwalimu Herman Masele, kocha wa timu ya Marobota, kwa miguu yake. Kila alfajiri, masika na kiangazi, alitoka na kaptura yake ya kaki na raba nyeupe, akapita sokoni mbio, akavuka reli, akapotelea upande wa maghala. Jua likichomoza alikuwa anarudi, kichwa na fulana vimelowa chapachapa, anawafokea wauza maandazi wasimzibie njia. Wenye maandazi walijua wakati wa kubandika mafuta kwa kumwona anakwenda, na wakati wa kuanza kuuza kwa kumwona anarudi. Miaka yake ilikuwa sitini na ushei na tumbo lake lilikuwa limenyooka kama la kuruta. Mtu wa namna hiyo, watu waliulizana, anaangukaje tu mlangoni kwake asubuhi, akiwa ameshika kata ya maji?

Limi, mjane wake, aliwasikia. Alikuwa ndani, kwenye mkeka wa wanawake, mahali ambapo mjane anatakiwa akae atulie. Miguu yake ilikataa kutulia. Aliinuka akafagia palipokwisha kufagiwa, akaosha sufuria iliyokwisha kuoshwa, akachungulia uani, akarudi mkekani, akainuka tena. Wanawake walimtazama kwa pembe ya jicho.

"Mama Justa, tulia basi," alisema Apolonia, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. "Mfiwa hatangitangi."

"Nimetulia," alijibu Limi, naye amesimama.

Majonzi yalikuwepo, tena makubwa, lakini hayakuwa ndiyo yanayomrusharusha. Kilichomnyima raha ni neno alilolisikia likifuata lile la kuuawa. Watu walikuwa wanasema "kibuyu." Kuna mtu alikuwa amemwona bikizee mmoja, alfajiri, akiinama nyuma ya goli la uwanja wa jineri na kuacha kibuyu pale. Na bikizee mwenyewe alijulikana. Alikuwa Mageni, mama yake Limi, aliyehamia kwao kutoka Kishapu baada ya ukame kummalizia ng'ombe wake. Mageni alikuwa na macho mekundu. Alikuwa ameyapata kwa kupikia kinyesi cha ng'ombe tangu usichana wake, maana kwao kuni ni za kutafuta kwa tochi, lakini miaka ile nani alitaka kusikia habari za moshi? Upande ule vikongwe walikuwa wanakatwa mapanga kwa sababu ya macho tu. Walikatwa wakiwa wanapepeta mtama, na asubuhi yake watu wakaendelea na soko.

*

Cornel alikuja na wachezaji watatu kabla matanga hayajaanuliwa. Alikuwa nahodha wa Marobota zamani, sasa ni dereva wa lori la jineri na msaidizi wa kocha. Mwanamume mpana, mwenye sauti nzito, na siku hiyo macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Shikamoo, Mama Justa."

"Marahaba, Cornel. Karibuni."

"Samahani sana. Meneja ameagiza tuchukue mali ya timu." Alisema huku anatazama ukuta. "Mpira na jezi."

Limi alilitoa sanduku. Wakalifungua palepale mbele ya waombolezaji, wakazitandaza jezi juu ya jamvi moja baada ya nyingine, kama wanaokagua mizigo ya mtu aliyeshukiwa. Kijana mmoja akasema, kwa sauti ambayo hata wa barabarani aliisikia, "Namba tano haipo."

Watu wakageuka. Limi alisogea mbele.

"Namba tano mlimzika nayo," alisema. "Mlimvika wenyewe."

Kijana akajifanya anafunga sanduku. Cornel alimtazama kwa jicho la kumwambia tutaonana, kisha akachuchumaa karibu na Limi na kushusha sauti.

"Kuna jambo jingine. Tunaomba raba zake."

"Za nini?"

"Jumamosi tunacheza mechi ya kumaliza matanga. Ikiisha tu, lori linaondoka kwenda Ushetu. Kuna mfumu huko, mganga mwenye kuona, hakosei. Anataka kitu kilichonyonya jasho la marehemu."

"Wewe Cornel, unampelekea mganga raba za Herman? Umesahau alivyokuwa anawaona hao waganga?"

Cornel alitabasamu kidogo bila kupenda. Ni nani angesahau? Mwaka ule walipokwenda kucheza Kagongwa, vijana walizika yai la mganga golini. Mwalimu akalifukua, akaomba sufuria kwa mama ntilie, akalichemsha, akalila kwa chumvi mbele yao wote, taratibu, huku anawaambia kuwa sasa nguvu za yai ziko tumboni kwake na wao watafute za kwao miguuni.

"Tukafungwa mbili kwa moja," alisema mmoja wa wachezaji.

"Lakini hatukuzika yai tena," alisema Cornel, akaacha kutabasamu. "Mama Justa, mimi nilikuwa mlevi. Gongo ilikuwa ndiyo chai yangu. Nikachelewa mazoezi. Mwalimu hakunipiga, hakunitukana. Alinibeba mgongoni, mimi na mwili wangu huu, akauzunguka uwanja wote mbio, na jineri nzima imetoka kutazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo sijachelewa hata kazini. Mtu kama huyo auawe, halafu sisi tukae tunakunywa uji?"

"Ameuawa na nani?"

"Hatujui. Ndiyo maana tunakwenda kuuliza."

Lakini macho yake yalikuwa yameshateleza kuelekea jikoni, kwenye moshi. Alikuwa amepita palepale mlangoni wakati anaingia, Mageni ameketi anachambua mchicha, wala hakumwamkia.

Limi aliijua safari ya namna hiyo jinsi inavyoisha. Mfumu hana haja ya kutaja jina. Atasema ni mwanamke, ni mzee, yuko karibu, na waliopanda lori watajaza wenyewe yaliyobaki. Wakirudi, watarudi na jibu, na vijana wa ng'ambo ya reli wenye mapanga watakuwa wanalisubiri.

"Raba nitazileta mwenyewe," alisema. "Jumamosi, uwanjani."

Apolonia alishika mdomo. Mjane, uwanjani, hata matanga hayajaisha!

*

"Niache niende Kishapu," alisema Mageni jioni ile, wakiwa wawili jikoni. Alikuwa ameshaanza kufunga kitenge chake kwenye mzigo.

"Ukienda leo, umekiri. Kishapu watakufikia kabla hujatua mzigo."

"Basi nife. Mimi nimeshaishi, ng'wanawane, mwanangu."

"Mayu, acha hayo maneno."

Limi aliikoroga sufuria ya ugali ambayo ilikuwa bado maji matupu. Ukweli ulikuwa umemkaa kooni tangu asubuhi ya msiba, na ukweli wenyewe ni huu. Mwalimu Herman, yule wa kukimbia kuliko wajukuu zake, alikuwa mgonjwa wa moyo. Daktari mmoja wa Mwanza alimwambia kuwa moyo umevimba, aache kukimbia, aache kubeba, aache hata kupanda ngazi kwa haraka. Herman alisikiliza kwa adabu zote, akatoka nje, na kwenye kiti cha basi akamwapisha mkewe asimwambie mtu.

"Nyumba ni ya jineri," alimwambia. "Umri wa kustaafu nimeupita, na jineri wananiweka kwa ajili ya miguu hii. Meneja akija na wageni ananionyesha kama gari jipya. Wakijua, tutalala wapi?" Halafu akaongeza lile lililokuwa la kweli zaidi: "Na wale vijana, Limi. Nimewacheka wangapi walioniambia wanaumwa?"

Basi akaendelea. Alikimbia pale tu anapoonekana. Akishavuka reli, alitembea taratibu mpaka nyuma ya duka la Badrudin, golikipa wake wa zamani, akaingia stoo kwa mlango wa uani, akajilaza mpaka pumzi irudi. Kisha akajimwagia maji kichwani ili yaonekane jasho, akarudi mbio mpaka nyumbani. Akifika ndani alikuwa anashika meza kwa mikono miwili. Limi alikuwa akimshika kiunoni mpaka midomo yake iache kuwa ya bluu.

Limi hakuvunja kiapo ila kwa mtu mmoja. Mama yake alijua mizizi ya kifua, na Limi alikuwa tayari kujaribu lolote. Lakini kwa Wasukuma mama mkwe hamsogelei mume wa binti yake, hampi kitu mkononi, hata jina lake halitaji. Kukaa nyumba moja tu kulikuwa kumewatesa wote wawili. Walipishana kwa kukohoa. Na dawa ikikaa ndani, Apolonia na pua yake angeinusa. Ndipo Mageni akawa anakiacha kibuyu nyuma ya goli kabla hakujapambazuka, anaondoka bila kugeuka, na Mwalimu anakipitia njiani. Mtu aliyeona hayo aliona adabu, ila akaiita jina lingine.

"Nitasema," alisema Limi. "Jumamosi nitawaambia wote."

Mageni aliacha kufunga mzigo. "Utawaambia nini? Kwamba mwenye nyumba alikuwa anajimwagia maji? Mkwe wangu asemwe mwili wake uwanjani, mbele ya watoto, kwa ajili yangu mimi?"

"Kwa ajili yako, ndiyo."

"Sitaki."

"Sikukuomba ruhusa, mayu."

Hakuwahi kumjibu mama yake hivyo. Alimwaga yale maji ya ugali kwa makosa, akateka mengine.

*

Badrudin alikuwa ameegemea kaunta ya duka lake, na nyuma yake rafu zilikuwa na vitu viwili: kiberiti na dawa ya viatu. Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, mwaka wa msako wa walanguzi, na wenye maduka walikuwa wamejifunza kutokuwa na kitu. Kwenye msiba wa Mwalimu watu walikunywa chai ya chumvi. Badrudin mwenyewe aliinywa, akasikitika pamoja nao kuhusu sukari.

"Karibu, shemeji. Pole tena." Akachungulia barabarani kabla hajasema zaidi.

Limi alimweleza lengo lake. Anataka shahidi. Yeye ni mke na ni mtoto wa mtuhumiwa. Nani atamwamini peke yake? Badrudin ndiye mtu pekee aliyemwona Herman amelala.

Badrudin alisikiliza huku anafuta kaunta iliyokuwa safi. Alikuwa ameota kitambi, lakini mikono ilikuwa bado ile mikono mikubwa ya kudaka.

"Shemeji, Herman alikuwa kama kaka. Timu ilipokuwa inasema Mhindi hawezi kukaa golini, yeye alisema anayeweza zaidi ajitokeze. Hilo silisahau." Akaendelea kufuta. "Lakini sasa hivi mimi hata kukohoa naogopa. Nikisimama mbele ya watu nikasema stoo yangu, watasema, ehe, stoo gani? Juzi polisi wamemchukua Champaklal wa duka la jirani na watoto wake wanatazama. Mke wangu halali."

"Mama yangu watamkata, Badru."

"Najua."

"Kwa hiyo?"

"Nimesema najua!" Alipaza sauti, halafu akaangalia tena barabarani. Akachukua kiberiti kimoja akamsukumia kwenye kaunta, kama mtu anayetoa rambirambi. "Nenda, shemeji. Tafadhali. Ukikaa sana watadhani nakuuzia kitu."

Limi alikiacha kile kiberiti palepale.

*

Jumamosi uwanja wa jineri ulijaa. Marobota wa sasa walicheza na Marobota wa zamani, na waliokuwa wanawashangilia walikuwa wanalia huku wanacheka, maana wazee wengine walikuwa wanakimbia kwa kushika viuno. Lori lilisimama pembeni ya kona, limeelekezwa barabarani tayari. Wakati wa mapumziko Limi aliingia uwanjani, amejifunga kaniki ya msiba, raba nyeupe mkononi.

Kelele zilikufa upande mmoja kwanza, kisha upande wa pili. Mwanamke wa matanga anakatiza katikati ya uwanja! Wazee wengine waligeuza nyuso. Cornel alimjia mbio, jasho linamtoka.

"Nipe, Mama Justa, urudi nyumbani. Asante."

"Sikuleta ili nikupe. Nimekuja kusema."

"Kusema nini tena?"

Limi alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha, na sasa mengi yalikuwa yamemkimbia. Akayaokota yaliyobaki.

"Mwaka huu," aliuliza, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko alivyotaka, "Mwalimu amembeba nani mgongoni?"

Watu wakatazamana. Kijana mmoja wa kikosi cha sasa akasema, "Mimi nilichelewa mara nyingi tu, hakunibeba. Alisema sisi wa siku hizi ni wazito."

Wengine wakacheka. Limi hakucheka.

"Hakukubeba kwa sababu hakuweza. Alikuwa anaumwa moyo. Daktari alimkataza kukimbia, akawa anakimbia mnapomwona tu. Ng'ambo ya reli alikuwa analala chini, anajimwagia maji, ndilo jasho mlilokuwa mnaliona. Kibuyu kilikuwa dawa ya pumzi. Mama yangu alikificha kwa sababu mimi nilimwambia afiche, na mimi niliapishwa na Herman mwenyewe. Hakuuawa na mtu. Alikufa."

Kisha sauti ikatoka kwa waliokuwa wamekaa upande wa goli: "Mwongo! Anamkinga mama yake!" Na nyingine: "Anamtukana marehemu!" Watu wakainuka. Apolonia, ambaye alikuwa amesema haji, alionekana amesimama juu ya tofali ili aone vizuri.

Cornel alikuwa amekunja ngumi. "Mama Justa, mimi nakuheshimu. Lakini usimvue Mwalimu nguo wakati yuko kaburini. Mimi nilikimbia naye. Mimi! Unaniambia alikuwa anajimwagia maji?"

"Ndiyo."

"Nani mwingine aliona?"

Limi angeweza kumtaja Badrudin, na jina lilifika mpaka kwenye meno, lakini alikumbuka anavyochungulia barabarani na akalimeza. Alisimama na raba zake kama mtu aliyekuja kuuza kitu ambacho hakuna anayekitaka. Mkono wa Cornel ulinyooka kuzichukua.

"Mimi niliona!"

Sauti ilitoka nyuma ya umati. Badrudin alikuwa anasukuma watu kwa viwiko, shati limelowa, anahema kuliko waliocheza.

"Mimi niliona! Miaka miwili, kila asubuhi! Alikuwa anaingia kwangu kwa mlango wa uani, uso umekuwa wa kijivu, namlaza juu ya magunia ya sukari, namvua raba, nampepea na boksi. Ananiambia, Badru, nisemeshe nisilale. Namsimulia mechi za zamani mpaka anapata nguvu. Mimi ndiye nilikuwa namletea ndoo ya maji! Wallahi!"

Akanyamaza kuvuta pumzi. Mtu mmoja, tena mzee mpole, akauliza kwa upole:

"Magunia ya nini, Badru?"

Badrudin alifungua mdomo. Alijisikia mwenyewe alichosema. Limi aliona kabisa uso wake unavyosawijika. Wake za wanaume wale walikuwa wanapanga foleni tangu mwezi uliopita kwa ajili ya kikombe kimoja cha sukari, wakirudi mikono mitupu. Hakuna aliyehitaji kuuliza mara ya pili. Na jambo jingine likawaingia watu, polepole, mmoja baada ya mwingine: mtu hawezi kutunga uongo wa kujipeleka jela. Kama magunia ni ya kweli, basi na aliyelala juu yake ni wa kweli.

"Kumbe," alisema yule mzee, naye akakaa chini.

Halafu mtu akatoka uwanjani. Akafuata wa pili. Wakawa wanatembea, kisha wanatembea haraka, kisha wakaanza kukimbia kuelekea reli, na dakika chache baadaye nusu ya waombolezaji walikuwa wamekwenda kwa Badrudin na vitenge vyao mikononi. Waliokuja kulipiza kisasi cha Mwalimu walikwenda kuwahi foleni. Badrudin alishika kichwa akawafuata mbio, anapiga kelele, "Kwa bei ya serikali! Nauza kwa bei ya serikali! Msivunje mlango!"

Limi alitaka kumwita, amwambie samahani, amwambie asante, amwambie lolote. Alikuwa ameshapotea vumbini. Badru alikuwa amewatupia kila alichokuwa nacho.

Cornel hakuondoka. Alikuwa amekaa kwenye nyasi kavu, magoti juu, mpira ameupakata.

"Kwa nini hakuniambia?" aliuliza. "Mimi, siyo hao. Mimi."

"Aliona haya."

"Haya ya nini? Angeniambia ningembeba mimi." Akafuta uso kwa jezi. "Alitukimbiza akiwa anakufa, Mama Justa, na wewe ukatazama. Ungemkataza. Ungetuambia tukamkataza. Ulimwacha ajiue ili tumpigie makofi."

Limi alikuwa amejiambia hivyohivyo kila asubuhi kwa miaka miwili, akimshika mumewe kiunoni. Akaziweka raba kwenye nyasi.

"Lori haliendi?" aliuliza.

"Dereva ni mimi," alisema Cornel bila kumtazama. "Haliendi."

*

Mageni alikuwa amekaa kitandani, mzigo umefungwa miguuni pake.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Yote? Hata maji ya kichwani?"

"Yote."

Bikizee alijifunika uso kwa kitenge, na Limi akasikia analia kwa aibu, jinsi ambavyo hakulia msibani. "Umemvua nguo mkwe wangu. Mtu aliyekuwa anapisha njia nikipita. Sasa watoto wa sokoni watamwiga, watajimwagia maji wakimbie, wacheke."

"Wataiga. Yeye amekufa, mayu, hasikii. Wewe unasikia. Nilikuwa na mmoja wa kumwokoa, na sikutaka kuwakosa wote wawili." Alishangaa kujisikia akisema, na akashangaa zaidi kuona kuwa hajuti. Akapiga magoti, akaanza kuufungua mzigo wa mama yake.

"Wameamini?" aliuliza Mageni.

"Wengine."

"Wengine wangapi?"

Limi hakujua. Waliosikia walikuwa wale wa uwanjani, na vijana wa ng'ambo ya reli hawakuwa uwanjani. Kitenge kilipofunguka aliinuka, akaenda mlangoni, akatia komeo, ingawa jua lilikuwa bado halijazama. Akalitingisha kuona kama limeshika. Akaenda dirishani. Akarudi. Akalitingisha tena.

Ndipo hatua za mtu mzito zikasikika uani. Zilikuja mpaka kizingitini, zikakoma. Limi alishika mchi. Alichungulia kwenye ufa wa mlango, akaona mgongo mpana wa mtu amekaa chini, ameelekea njiani, fimbo ya kuchungia mapajani.

"Cornel?"

"Mm."

"Unataka nini?"

"Sijaja kwa ajili yako," alisema, bado amegeukia njia. "Wewe nimekukasirikia, na nitaendelea. Lakini wale vijana hawajasikia bado. Wakipita hapa watasikia kwangu. Kesho atakaa mwingine wa timu, tumeshapangana."

Limi alitoa komeo, lakini mlango hakuufungua. Nyuma yake mama yake alikuwa amesimama, mkono ukutani.

"Ni nani huyo?"

"Cornel."

"Amekuja kuniua?"

"Amekuja kukaa, mayu."

Mageni akainama, akavuta kigoda chake mwenyewe kutoka chini ya kitanda, kile cha kukalia jikoni, akakipangusa kwa upindo wa kitenge.

"Mpe," alisema. "Chini kuna baridi."

Limi akakitoa nje, akakiweka kizingitini. Cornel hakugeuka, wala hakushukuru. Alijiinua, akakivuta, akakikalia.